Paka akikataa omena, usingoje kesho

Katika nyumba nyingi za Homa Bay na Migori, mpendwa msomaji, paka haletwi ili apakatwe mbele ya wageni. Yeye ni mfanyakazi. Kule Homa Bay huwafukuza panya wanaonyemelea magunia ya omena, ijapokuwa mwenyewe hujilipa mshahara kutoka humo humo. Kule Migori hulala ghalani juu ya mahindi. Labda ndiyo sababu akiugua hatushtuki. Ng'ombe akikohoa mara moja, mzee huyo njiani kumtafuta daktari wa mifugo. Paka akikohoa siku tatu tunasema, "Ni nywele tu, atazitapika."

Na mara nyingi huwa ni nywele kweli. Ulimi wa paka umejaa vijimiba vidogo vinavyoelekea kooni, ndiyo maana akikulamba unahisi kama umeguswa na msasa. Vijimiba hivyo ndivyo kitana chake. Ajilambapo, nywele zilizokufa hunaswa ulimini, na kwa kuwa hawezi kuzitema, huzimeza. Nyingi hutoka na choo. Zinazobaki hushikamana tumboni, kisha siku moja paka huinama, akakoroma, akatapika kitu chembamba chenye umbo la kidole. Baada ya hapo huomba chakula kana kwamba hapakuwa na neno.

Taabu ni kwamba ulimi huo huo haubagui. Uzi ukishaingia kinywani, hautoki tena.

Mama mkwe wangu, aishiye nje kidogo ya mji wa Migori, alikuwa na paka jike mweusi aliyelinda ghala lake kwa miaka sita. Msimu mmoja wa mavuno, paka huyo alianza kutapika povu. Majirani walisema ni nywele. Mmoja alileta mafuta ya kupikia, akamnywesha kijiko kizima. Siku ya nne paka alijificha chini ya kitanda, akakataa hata maziwa. Siku ya tano daktari wa mifugo alifika kwa shughuli ya ng'ombe, naye mama akamwomba amtazame paka pia. Daktari alimfungua kinywa na kuinua ulimi. Chini yake palikuwa na uzi wa kushonea magunia, umezunguka shina la ulimi na kukata nyama, ncha zake zote mbili zimeshuka kooni. Paka alikufa usiku huo. Mama mkwe wangu si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini mwaka ule panya walipoingia ghalani hakutaka kuletewa paka mwingine.

Daktari alieleza hivi. Uzi ukinasa upande mmoja, chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo, utumbo huendelea kuuvuta upande wa pili. Fikiria kaptura ya kamba: ukivuta kamba, kiuno chote hujikunja. Ndivyo utumbo unavyojikunja juu ya uzi, na mwishowe uzi huukata kama kisu. Mafuta hayasaidii hapo. Tena paka akinyweshwa kwa nguvu, mafuta huweza kuingia mapafuni.

Habari hiyo ilifika Homa Bay kwa dada yangu mkubwa, na ni vyema ilifika. Ufuoni omena huanikwa juu ya nyavu, na nyavu zikichanika hushonwa papo hapo. Vipande vya nailoni vinavyonuka samaki huzagaa kila mahali. Paka gani ataviacha? Asubuhi moja mpwa wangu alimwona paka wao akivuta miguu, uzi umening'inia nyuma yake. Shemeji alinyoosha mkono auvute. Dada akamshika kifundo cha mkono: "Baba watoto, ukivuta utampasua!"

Walimtia paka kikapuni, wakamfunika kanga, wakapanda matatu hadi Kisumu kupitia Kendu Bay. Abiria walicheka sana kusikia mgonjwa ni nani. Alipasuliwa mchana huo, na uzi uliotolewa ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mtoto. Aliishi.

Basi mtu atatofautishaje? Paka wa nywele hutapika mara moja, kisha hula. Paka aliyezibwa hutapika tena na tena, hukataa chakula, hapati choo au hupata kidogo sana, hujificha, na ukimgusa tumbo huruka. Akikoroma mara kwa mara pasipo kutoa kitu, huenda ana pumu, maana paka nao huugua pumu. Zaidi ya hayo, paka anayekaa siku kadhaa bila kula ini lake hudhurika, kwa hiyo kungoja nako ni hatari.

Kinga yenyewe ni rahisi. Mchane kwa kitana au mpanguse kwa kitambaa chenye maji, hasa akiwa na manyoya marefu. Akijilamba kupita kiasi, tafuta viroboto, lakini usithubutu kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ya mbwa: baadhi ya dawa hizo humuua paka. Mwekee maji safi. Nyuzi, sindano, mipira ya kufungia noti na kamba zilizofunga nyama vitiwe kwenye mkebe wenye kifuniko, na mapambo yale ya Krismasi yanayometameta yatundikwe juu. Si paka pekee, kwa kweli. Huko Ulaya na Marekani wapo wanaofuga fereti, mnyama mwembamba wa ukoo wa kicheche wetu, naye husifika kwa kutafuna mipira na kuzibwa utumbo. Ajabu ya watu na mapenzi yao.

Jambo moja zaidi. Madaktari wengi wa mifugo vijijini huitwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, na si wote walio na vifaa vya kumpasua paka. Ni heri kuuliza mapema, paka akiwa mzima. Siku ile dada yangu alipoteza saa mbili akipiga simu huku na huku kabla ya kuambiwa aende Kisumu. Sasa nambari ya daktari ameiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya ile ya fundi wa umeme.