Append Ilitolewa, na Ilistahili

Nitasema mapema ndio mnitukane vizuri: watu wa pandas walifanya poa kuitoa append.

Kama hujui naongea nini, pandas ni maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali ya data. Ilikuwa na amri ya mkato inaitwa append, ya kuongeza mistari kwenye jedwali. Januari 2022, toleo la 1.4 likaanza kuonya kwamba amri hiyo inaenda. Aprili 2023, toleo la 2.0 likaifuta kabisa. Ukiiita leo, programu inagoma.

Inboksi yangu imejaa skrinshoti za huo mgomo. Wengi ni vijana wa huku kwetu, Garsen, Hola, Minjila, wanajifunza kwa video za zamani na bando la kuungaunga. Swali lao ni moja: "Bro, ama mimi ndio sina kichwa?" Kichwa unacho. Video yako ndio imezeeka.

Sasa mbona ilitolewa? Kwanza, concat ilikuwepo tayari, na append ilikuwa inaiita hiyo hiyo kwa ndani. Milango miwili, chumba kimoja. Pili, jina lake lilipotosha. Kwenye orodha ya kawaida ya Python, append inaongeza kitu pale pale. Ya pandas ilitengeneza jedwali jipya, ikanakili kila kitu, ndio ikaongeza mstari wako mmoja.

Sisi wa Tana River tunajua kuhama. Mto ukifurika, hakuna mtu anayepeleka sufuria mahali pa juu, halafu akileta kijiko anajenga kibanda kingine na kuhamisha vyote upya. Append ilifanya hivyo kila mara. Ongeza mistari 1,000 mmoja mmoja, na utakuwa umenakili mistari ya zamani karibu mara 500,000. Kwa kompyuta ya mtumba, utasikia feni ikilia. Kusanya vipande vyako kwenye orodha kwanza, kisha ita concat mara moja. Imeisha hiyo.

Lakini hapa ndio naumwa. Onyo lilikaa miezi kama 15, na lilimfikia aliyekuwa ndani tayari. Anayeanza leo anaweka toleo jipya moja kwa moja, hakuwahi kuliona. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua kusoma bila mwalimu wa kukwambia "hiyo ilibadilika." Mtu anafunga kompyuta, anasema coding si ya watu wa huku. Tunapoteza fundi kwa sababu ya neno moja.

Kwa hivyo sisi tunaotengeneza video tuna deni: tuandike toleo na tarehe pale juu. Na wewe unayejifunza, kabla hujajilaumu, chapa pd.__version__ uone uko toleo gani, halafu soma maelezo ya mabadiliko yake. Ni maandishi tu, hayamalizi bando kama video.