Mzinga uliopasuka, na mitungi mitatu niliyoitia sahihi



Najua nimepotea. Wiki ya tatu hii sijaandika kitu na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Niko nyumbani Makere, wilaya ya Kasulu, nafanya PT kwenye gereji moja ya kuchomelea ambayo jina lake nitakaa nalo mwenyewe. Ni kiangazi, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kibodi, na kambi ya Nyarugusu iko jirani tu, kwa hiyo wateja wetu wengi ni watu wanaotafuta riziki barabara ya kambini: wa pancha, wa mashine za kusaga, wenye baiskeli za mizigo.

Leo nataka kuandika habari za mizinga. Nilipomwambia babu kwamba nasoma habari za mizinga alifurahi sana, akaanza kunionyesha mti unaofaa kuchonga. Kumbe mwenzangu anawaza nyuki! Hapana babu, mizinga ya vita, ile ya wakati wa Malkia Victoria wa Uingereza. Akanitazama kwa huruma, akauliza, "Mkopo wa serikali ndio unasomea hayo?" Kwi kwi kwi.

Chanzo chake ni semina. Kabla hatujafunga chuo mwalimu alinipa mada ya mitungi yenye kuta nene: kwa nini mtungi ukizidiwa na presha huanza kuchanika kwenye ngozi ya ndani, si ya nje. Ukiifuatilia mada hiyo vitabuni lazima ufike kwenye viwanda vya mizinga, maana wale watu shida hiyo ilikuwa inawalipukia usoni.

Zamani mzinga ulikuwa unamiminwa kipande kimoja, kama sufuria. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza unene. Lakini unafika mahali unene hausaidii tena, ngozi ya ndani inavutwa mpaka inachanika wakati ya nje bado imelala usingizi. William Armstrong wa Newcastle, mtu aliyeanza maisha kama mwanasheria, mwaka 1855 akamaliza mzinga wa namna nyingine. Kiwandani kwake Elswick walikuwa wanapasha moto ufito mrefu wa chuma, wanauviringisha kama ukindu kwenye kikapu, kisha wanaugonga kwa nyundo ya mvuke mpaka mizunguko yote inashikana kuwa bomba. Halafu bomba jingine linapashwa moto, linatanuka, linavishwa juu ya la kwanza. Likipoa, linabana. Kwa hiyo la ndani limeshakandamizwa kabla hata baruti haijawashwa, na mlipuko ukija inabidi kwanza uondoe ule mbano ndipo uanze kulivuta. Siku nilipoelewa hapo niliinuka nikazunguka chumba, saa nane usiku, wenzangu wote wamelala.

Kiwanda cha serikali yao kilikuwa Woolwich, pale London, na huko kilichonivuta zaidi ni majaribio. Bomba la ndani la chuma cha pua linapashwa moto, linazamishwa kwenye mafuta, kisha linajazwa maji na kukandamizwa kwa presha kuona kama lina ufa. Mzinga ukikamilika unapigwa kwa baruti nyingi kuliko ile utakayopewa kazini, watu wakiwa wamejificha. Baada ya hapo wanasukuma ndani utomvu fulani wa mti uliolainishwa, wanautoa, wanasoma juu yake alama za nyufa. Andrew Noble, mtu wa Elswick, yeye alibuni kijipande cha shaba kinachofungiwa mle ndani. Baruti ikilipuka kinabonyea, unapima kimebonyea kiasi gani, unajua presha ilifika ngapi. Yaani geji isiyo na mshale.

Sasa njooni gereji.

Kazi yetu kubwa ni mitungi ya upepo, ile ya mashine za kujazia matairi. Inaletwa imeoza kwa kutu, tunakata, tunabandika bati, tunachomelea. Mtungi wa kufanya kazi kwenye baa 8 (baa za presha, siyo zile za Mwenge) inatakiwa uujaze maji, uupige kwa pampu ya mkono mpaka 12 hivi, uuache, uangalie. Maji hayabanwi kama hewa, mtungi ukishindwa unatoa mchirizi tu. Ukishindwa na hewa ndani yake, ni bomu. Kwenye fomu yetu kuna mstari: "Umejaribiwa kwa maji." Wiki yangu ya kwanza fundi aliniambia nisaini hapo kwa sababu mimi ndiye msomi. Pampu ilikuwa imevunjika vali. Nikasaini. Mara tatu nimesaini, mitungi mitatu, maji hayakuigusa hata mmoja. Sikulazimishwa na mtu. Niliona aibu kuuliza, na nilitaka anione mtu wa kazi.

Usiku wa Jumatano nikawa namalizia semina, nikafika kwenye meli inaitwa Thunderer. Tarehe 2 Januari 1879, kwenye Bahari ya Marmara huko Uturuki, meli hii ya kivita ya Waingereza ilikuwa kwenye mazoezi. Mzinga wake mmoja wa tani 38 ukapasuka. Watu 11 wakafa, wote wake yenyewe, hakukuwa na adui hata mmoja pale. Ubishi ukawa mkubwa. Kamati ikasema mzinga ulijazwa mara mbili: haukulipuka mara ya kwanza, na kwa kuwa mizinga ile miwili ilikuwa inapigwa pamoja, kwa kelele na moshi ule hakuna aliyegundua, mashine ikashindilia baruti na risasi nyingine juu yake. Wengi wakakataa, haiwezekani watu wote wale wasione.

Wakafanya jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Wakamchukua pacha wake, ule mzinga uliobaki mzima, wakaupeleka Woolwich. Wakaujaribu kwa kila sababu nyingine iliyotajwa, ukavumilia. Februari 1880 wakaujaza mara mbili kwa makusudi, ukapasuka vilevile kama mwenzake. Mzinga wa bei kama ile, mzima kabisa, wameuvunja ili wajue. Na hapo ndipo jeshi lao la majini likaanza kweli kuacha mizinga ya kujazwa mdomoni.

Nikazima taa. Sikulala.

Alhamisi asubuhi mtungi wa nne ukawa tayari, fundi akanisogezea fomu. Nikamwambia, "Fundi, shikamoo, lakini huu sisaini mpaka tuupige maji." Nikamsimulia ya Thunderer. Akacheka. "Injinia, hayo ya Wazungu. Mzinga ninaoujua mimi ni wa Liemba." Yeye ni mtoto wa Kigoma mjini, na kweli, Liemba hiihii ilipokuwa inaitwa Goetzen, kwenye vita ya kwanza ya dunia, ilifungwa mzinga mmoja uliotolewa kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozamia Rufiji Julai 1915.

Basi nikamwambia ya huku kwetu Afrika. Mfalme Tewodros wa Ethiopia alimwandikia Malkia Victoria mwaka 1862, barua haikujibiwa. Akawafunga Waingereza waliokuwa kwake, akiwemo konseli wao. Na kwa kuwa alitaka silaha na hapati, akawageukia mafundi wa kimisionari aliokuwa nao Gafat, karibu na Debre Tabor. Hawa walikuja na ufundi wa mikono na Biblia, mizinga hawaijui. Mfalme hakutaka kusikia. Wakajenga tanuri, la mwanzo likashindwa, wakajenga tena. Mwaka 1867 wakamimina mzinga wa shaba wa tani 7 hivi, ukaitwa Sebastopol, jina la ule mji uliozingirwa kwenye vita ya Crimea. Mfalme akauvuta mpaka Maqdala, miezi ya kutosha njiani, mamia ya watu kwenye kamba, mwenyewe akivunja mawe ya barabara kwa mikono yake. Uko kulekule mlimani mpaka leo, umezama nusu ardhini, na Addis Ababa wameweka mfano wake.

"Ukapiga?" fundi akauliza. Sasa ameacha kucheka.

Nikamwambia, Waingereza walikuja na askari 13,000, mizinga ya Armstrong ikiwa juu ya tembo 44 waliotolewa India. Tarehe 10 Aprili 1868, pale Arogee, watu wa Tewodros wakafyatua kutoka mlimani. Mzinga wao mmoja mkubwa, siyo Sebastopol, ulipasuka kwenye mlio wa kwanza kabisa. Siku tatu baadaye mfalme akajiua kwa bastola aliyokuwa amezawadiwa na Malkia huyohuyo. Kwamba wangeshindwa hata mzinga ule ungekuwa mzima, hilo silibishi. Ila mimi nawaza wale waliosimama karibu nao, waliouvuta miezi yote ile wakiuamini.

Fundi hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na pampu, tukaitengenezea vali kwa ngozi ya kiatu cha zamani. Tukajaza maji. Kwenye 9 mshono wa kitako ukaanza kutoa jasho. Kwenye 10 ukachanika, urefu wa kidole, maji yakatulowesha viatu. Basi. Chwiii, imeisha. Nilikuwa nimechuchumaa nao uso kwa uso.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Ile mitatu iko wapi?"

Mmoja ulikuwa kwa jirani, tukaupiga jioni ileile, mzima. Wa pili mwenyewe ameuleta jana, unavuja padogo, tumeukata upya bure na fundi hajanikata hata mia. Wa tatu uko kwa kijana wa pancha karibu na geti la kambi. Namba yake haipatikani tangu Alhamisi. Dereva mmoja wa bodaboda anasema alimwona leo asubuhi anajaza matairi ya lori, amekalia mtungi kama kiti.

Kesho saa kumi na mbili naondoka na dereva huyohuyo. Pampu nimeshaifunga kwenye kiroba, na madumu mawili ya maji.