Niliipaka Kilombero nyeupe

Nilifuta picha ya mtu. Haikuwa bahati mbaya, wala sikuwa nimelewa. Nilichukua rangi nyeupe nikaipaka mikono miwili, na ilipokauka nikachora juu yake Wamasai watatu warefu, Mlima Meru nyuma yao, kwa sababu hicho ndicho kinachotoka.

Picha ilikuwa ya dogo niliyekuwa nikimfundisha kazi kibandani kwangu, si mbali na Mnara wa Saa, Arusha. Alikuwa amechora stendi ya Kilombero. Milango ya vifodi, zile daladala ndogo, ilikatiza migongo ya akina mama wenye mikungu ya ndizi. Mkono wa konda ulitokeza mara nne, kila mara juu kidogo, mpaka ukahisi anapiga debe sasa hivi. Meru yenyewe ilikuwa vipande vipande, kimoja kimenasa kwenye kioo cha gari. Nikamwambia, "Dogo, hii ni fujo. Mzungu anataka Afrika." Hakubisha. Akaenda kuosha brashi.

Jeuri hiyo niliipata kwenye uongo niliokuwa nauza pamoja na picha. Maflaikacha, wale vijana wa kuwinda watalii mitaani, wakiniletea wageni waliotoka safari, niliwaambia tingatinga ni sanaa ya mababu. Nilijua si kweli. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli, juu ya hadibodi za ujenzi. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Sanaa hiyo ya mababu ni ya mjini, ya mhamiaji, na dada yangu mkubwa ameizidi umri.

Baadaye mteja mmoja aliniachia kitabu cha michoro, nikaikuta humo picha ya Max Weber iitwayo Rush Hour, New York, ya 1915. Weber alizaliwa Białystok, ambayo leo iko Poland, akahamia Brooklyn na familia yake 1891 akiwa na miaka 10. Mwaka 1905 alikwenda Paris, akasoma kwa Matisse, akafahamiana na Picasso. Aliporudi 1909 alikuja na ile namna ya kuvunjavunja maumbo, akaichorea magurudumu na majengo ya New York saa ambayo kila mtu anagombania usafiri. Maonyesho yake ya 1911 wahakiki waliyaponda bila huruma. Wao nao waliona fujo.

Dogo hakuwahi kumsikia Weber. Alikuwa akipanda kifodi kila asubuhi, basi.

Kutomjua Weber hakunisumbui, ningemjulia wapi? Kinachonisumbua ni kwamba ile picha niliipenda. Niliitazama muda mrefu, nikamsikia konda, kisha nikapiga hesabu ya bei ya ubao mpya.

Wale Wamasai watatu walinunuliwa na Wajerumani wawili, mke na mume. Kilombero ikasafiri chini yao.

Dogo siku hizi anaandika maandishi kwenye bajaji huko Moshi. Nilimpigia, nikamweleza yote, nikamwomba aichore tena. Akacheka kidogo. "Mzee, ubao ulikuwa wako, lakini picha ilikuwa yangu. Ukiitaka, niagize kama mteja." Akanitajia bei. Kubwa. Nimetuma nusu.