Kopo Lenye Kelele

Vijana ninaowashauri katika kliniki ya Jumamosi, kwa sehemu kubwa, hawaachi dawa za VVU kwa kusahau. Walezi ndio husema hivyo: "Huyu mtoto msahaulifu mno." Mlezi akitoka nje, kijana akabaki peke yake, unasikia mengine. Mmoja analala chumba kimoja na binamu zake ambao hawajui lolote. Mwingine yuko bweni. Mwingine amechoka tu. Anameza dawa tangu hajajua kusoma, na darasani haoni mwenzake.

Chukua kopo lenyewe. Vidonge ndani ya plastiki vinalia kama kayamba, na bweni zima linageuka kutazama. Ndiyo maana wengine hujaza pamba, wengine huvihamishia kwenye kopo la vitamini, wengine huvifunga kwenye karatasi na kuvificha chini ya godoro. Hiyo karatasi inanitia hofu, maana dawa hizi zinaharibiwa na unyevu, na kile kifuko kidogo kilichomo koponi kimewekwa kwa kazi hiyo. Kijana akija na vidonge vilivyobaki vingi kuliko inavyotakiwa, simwulizi kwanza kwa nini. Namwuliza unalala wapi, nani yupo saa hiyo, maji ya kumezea unayapata wapi.

Mara nyingi jibu linatosha kututoa hapo. Zamani, enzi za dawa ya efavirenzi, watu walishauriwa kumeza wakienda kulala kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto za kutisha, na saa tatu usiku ikabaki kuwa desturi. Kidonge cha sasa chenye dolutegraviri, kilichoanza kuenea Tanzania mwaka 2019, hakina sharti hilo. Msichana anayebanwa na macho ya bweni usiku anaweza kumeza asubuhi anapopiga mswaki, mradi ashike saa yake. Akichelewa, ameze akikumbuka, asiiruke siku. Nimeona mabadiliko madogo ya namna hii yakimrudisha kijana ambaye makaripio yalikuwa yamemfukuza.

Nimeona na kinyume chake. Shule moja ilimtaka mvulana aache kopo lake ofisini, na kila jioni akaliombe mbele ya mwalimu wa zamu na yeyote aliyekuwepo. Aliacha kwenda. Virusi vikapanda, na mtu wa kwanza kulaumiwa akawa yeye.

Kuna pia wanaomeza bila kuambiwa wanameza nini. "Ni ya kifua," wanaambiwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2011 kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua, na naona sababu kila mwezi. Mtoto wa miaka 12 anasoma jina lililo koponi na simu ya shangazi yake iko mezani. Akigundua mwenyewe, anagundua na kwamba watu wake walimficha, na baada ya hapo hata wakimwambia ukweli kuhusu dawa hauamini. Simlaumu mama anayenyamaza. Analiogopa swali moja, "Ni wewe uliyenipa?", na hakuna aliyekaa naye kumsaidia kulijibu. Tukae naye yeye kwanza.

Wakishajua, vijana hawaulizi sana habari za kufa. Wanauliza kama watapendwa na kama watazaa. Hapo ndipo dawa inapata maana. Utafiti wa PARTNER uliofanyika Ulaya, matokeo yake yakatoka 2016, ulifuatilia jozi 888 za wenzi, ambapo katika kila jozi mmoja alikuwa na VVU na dawa imevifubaza. Walikuwa wakijamiiana bila kondomu, na hakuna aliyeambukizwa na mwenzi wake. Nikimweleza hivyo binti wa miaka 17, huwa ananitaka nirudie.

Hata hivyo, maneno yangu si sawa na ya kijana mwenzake anayetoa kopo lake mwenyewe mfukoni. Zimbabwe, mpango wa Zvandiri ulioanza 2004 unawatumia vijana wanaoishi na VVU kuwatembelea wenzao majumbani. Ulipopimwa huko vijijini, waliokuwa na virusi vingi au waliofariki walikuwa asilimia 25 kwa waliotembelewa, na asilimia 36 kwa waliopata huduma ya kawaida tu. Kwetu wapo vijana kama hao, wanapanda daladala kwa nauli yao kumfuata mwenzao aliyetoroka kliniki. Wapewe nauli. Na wanapofikia umri wa kuhamishiwa kliniki ya watu wazima, wasipangiwe Jumanne asubuhi, saa ambayo wenzao wako kwenye mtihani, halafu tuwaandike watoro.