Askari Akirudi Kijijini

Huenda katika kijiji chako yuko mzee aliyekwenda vitani. Labda ni jirani yako. Labda ni baba yako mdogo. Unamwona kila siku akipita na jembe begani. Unajua kwamba zamani alikuwa askari. Lakini je, umewahi kukaa naye ukamwuliza anaendeleaje? Leo nataka tuzungumze juu ya mtu huyo.

Vita vya Kagera

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini mwetu. Yaliteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Yaliua watu, yakapora mifugo, yakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Alisema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo.

Askari wa jeshi peke yao hawakutosha. Kwa hiyo waliitwa na wengine: mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari wa magereza. Mgambo wengi walikuwa wakulima kama wewe na mimi. Waliacha majembe wakashika bunduki. Walitembea kwa miguu katika mvua na matope. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa. Mwezi wa Juni 1979 vita vikaisha.

Wengine hawakurudi. Wengi wao wamezikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Waliorudi walipokewa kwa ngoma na vigelegele. Kisha ngoma zikanyamaza, na kila mtu akashika kazi yake. Vita vilikuwa vimekula fedha nyingi za nchi. Sabuni na sukari zilikuwa haba madukani. Kila nyumba ilikuwa na shida zake.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978, sasa anakaribia miaka 70. Mgongo umeinama. Nguvu za kulima zimepungua. Wenzake aliokuwa nao vitani wanakufa mmoja mmoja. Sasa ndipo anapohitaji watu.

Heshima ya siku moja haitoshi

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwenye mnara. Hili ni jambo jema. Lakini mwaka una siku nyingi. Mzee anakula kila siku, anaumwa siku yoyote, na paa lake linavuja kila masika.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Askari huyu alichumia juani kweli. Kivuli chake kiko wapi?

Tukumbuke jambo moja la zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Waafrika wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi hayo. Maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu walilitamka jina hilo “Kariakoo”. Leo Kariakoo ni soko kubwa la Dar es Salaam. Jina limebaki, lakini wapagazi wenyewe, wengi wao hatuwajui hata majina. Wale walitumwa na wakoloni. Hawa wa Kagera ni wetu, na walikwenda kwa ajili yetu. Tukiwasahau hawa, lawama ni yetu wenyewe.

Tulivyoanza

Katika kijiji chetu jambo hili lilianzia katika darasa la jioni la watu wazima. Tulikuwa tumejua kusoma na kuandika. Tukaulizana, “Elimu hii tuitumie kumsaidia nani?” Mwenzetu mmoja akasema, “Wako wazee waliotumikia jeshi. Wana karatasi wasizoweza kuzisoma.” Tukahesabu nyumba. Tukapata wazee watatu na mjane mmoja.

Tulikwenda watu wawili wawili. Hatukuwaita ofisini, kwa sababu mzee mwenye mguu mbovu hawezi kuja ofisini. Hatukwenda na hotuba. Tulichukua mzigo wa kuni na kibaba cha maharage.

Katika nyumba ya kwanza tulibisha hodi. Mzee alitoka, akatutazama kwa muda mrefu.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba. Mmekuja kunihesabu tena?”

Kumbe watu walikuwa wamefika kwake mara nyingi. Waliandika jina lake, wakaondoka, wasirudi.

“Hapana, Mzee. Tumekuja kukuamkia.”

Siku ile hatukuuliza lolote juu ya vita. Tulipasua kuni, tukanywa uji, tukaaga. Juma lililofuata tulirudi. Juma la tatu tulirudi tena. Siku hiyo mzee aliingia ndani, akatoka na mkebe wa zamani uliofungwa kwa kitambaa.

Ndani ya mkebe mlikuwa na karatasi. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mende. Moja ilikuwa nzima. Ilikuwa karatasi aliyopewa alipoachiwa baada ya vita. Mama mmoja wa darasa letu aliisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole. Alisoma jina la mzee, namba yake, na tarehe. Mzee alivua kofia yake. Alikuwa ameitunza karatasi ile zaidi ya miaka 40, bila kujua imeandikwa nini.

Kazi ya barua

Tuliandika barua kwa niaba ya mzee. Tuliipeleka wilayani, kwa Mshauri wa Mgambo. Kila barua tuliiandika mara mbili, moja ya kupeleka na moja ya kubaki kwetu. Tuliandika pia tarehe ya kila safari na maneno tuliyoambiwa. Ofisi moja ilituambia “njooni kesho” mara nne. Mara ya tano tulifungua daftari, tukasoma tarehe zote nne. Siku hiyo tulipata jibu.

Sitakudanganya, ndugu msomaji. Mzee yule hakupata pensheni. Alikuwa mgambo, aliitwa wakati wa vita na kuachiwa vita vilipokwisha. Jibu lilimwumiza. Lakini alituambia, “Afadhali nimejibiwa. Nilikuwa nikingoja kila mwaka.” Tangu hapo tuliacha kungoja. Kijiji kililiezeka upya paa lake. Vijana wanamlimia nusu eka kila msimu. Jina lake liliandikwa pamoja na wazee wanaohitaji msaada wa matibabu.

Yule mjane mambo yake yalikuwa tofauti. Marehemu mume wake alikuwa askari wa kudumu. Mama huyu hakuwa na cheti cha kifo. Hakujua kwamba familia inapaswa kukutana, kumchagua msimamizi wa mirathi, na kwenda naye mahakamani athibitishwe. Tulimsindikiza hatua kwa hatua. Ilichukua miezi tisa. Mwishowe alilipwa haki ya mume wake iliyokuwa imebaki. Fedha ile ingepotea kwa sababu ya karatasi tu.

Majeraha yasiyoonekana

Jeraha la mguu huonekana. Yako majeraha mengine yasiyoonekana. Mzee mmoja kati ya wale watatu hakuweza kulala radi ilipopiga. Aliamka akipiga kelele, akatoka nje mbio. Watu walisema ana pepo. Wengine walisema ni pombe.

Hili ni kovu la vita katika akili. Watu huliita kiwewe. Mtu aliyeona mambo ya kutisha sana anaweza kuyaona tena katika ndoto, hata baada ya miaka mingi. Anaweza kushtuka upesi, kukasirika bila sababu, au kujitenga na watu. Si hapa kwetu tu. Askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa huko waliiandika rasmi katika kitabu chao cha magonjwa. Kwa hiyo ni ugonjwa unaojulikana, na mgonjwa anaweza kusaidiwa.

Mtu kama huyo usimcheke. Usimwamshe kwa kumshika ghafula. Simama mbali kidogo, umwite kwa jina. Usimlazimishe kusimulia vita, lakini akitaka kusema, msikilize mpaka mwisho. Pombe haiponyi, humwongezea matatizo. Mshauri aende zahanati, ili aelekezwe hospitali ya wilaya. Na mke wake umwulize hali yake pia, maana yeye ndiye anayekesha naye.

Mzee wetu bado hapendi radi. Lakini sasa mvua ikianza usiku, jirani mmoja huenda kukaa naye. Huwasha taa, wakaota moto, wakazungumza habari za mahindi.

Unaweza kufanya nini?

Huhitaji fedha nyingi. Fanya mambo haya:

1. Pamoja na wenzako, tafuteni nyumba za askari wa zamani na wajane wao.
2. Nendeni kwao. Msingoje waje kwenu.
3. Rudini tena. Ziara moja ni kama kuhesabu watu tu.
4. Wasomeeni karatasi zao. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na mchwa na mende.
5. Andikeni barua, mbaki na nakala.
6. Msitoe ahadi msizoweza kuzitimiza.
7. Waombeni wazee wawafundishe vijana. Wanajua nidhamu, na wanajua thamani ya amani kuliko sisi sote.

Ndugu msomaji, ulipojifunza herufi ya kwanza, huenda ulifikiri ni kwa faida yako tu. Sasa unajua kusoma. Huenda kuna mkebe katika nyumba ya jirani yako unaongoja msomaji.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mzee aliuliza, “Mmekuja kunihesabu tena?”
2. Daftari lenye tarehe lilisaidia nini?
3. Mjane anahitaji karatasi gani ili afuatilie haki ya marehemu mume wake?
4. Utafanya nini ukimwona mtu anashtuka na kupiga kelele usiku?
5. Katika kijiji chenu kuna askari wa zamani wangapi? Nani atakwenda kuwaamkia juma hili?