Plagini Mpya, Programu ya 2007

Studio yetu ya Moshi ilikuwa chumba kimoja: pazia la bluu la picha za pasipoti ukutani, kompyuta kwenye kona. Mzee mwenye studio alikuwa na Photoshop CS3 ya diski, toleo la 2007, na diski ile aliitunza droo moja na hati ya kiwanja. Mwaka 2013, Adobe ilipotangaza kwamba matoleo mapya yatalipiwa kwa mwezi, nilimwuliza tufanyeje. "Mwanangu," akasema, "hii tumeshamaliza deni lake." Basi nikafanya nayo kazi miaka mingine sita, na mengi niliyojifunza ya ufundi huu niliyapata kwa kuibebesha programu hiyo mizigo ya zama ambazo haikutengenezewa.

Mzigo wa kwanza ulikuja na kamera. Mwaka huohuo Mzee alinunua Nikon D7100, tukaenda nayo harusini Marangu. Nikarudi na kadi iliyojaa faili ghafi, nikabofya ya kwanza, ikagoma. Ya pili vilevile. Moyo ulinienda mbio, maana harusi hairudiwi. Baadaye ndipo nikaelewa: Photoshop yenyewe haisomi faili ghafi, husomewa na plagini iitwayo Camera Raw, na ile inayokubaliwa na CS3 iliishia namba 4.6, mwaka 2008. Kamera yetu ilizaliwa miaka mitano baada ya hapo. Kuchomeka Camera Raw mpya hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni DNG Converter, programu ya bure ya Adobe haohao: unaipa faili za kamera, unachagua zisomeke kuanzia Camera Raw 4.1, nayo inazigeuza. Nililala studio usiku ule, nikiamka kila mara kuangalia zimebaki ngapi na kuomba umeme usikatike. Alfajiri nikafungua picha ya bi harusi akimlisha baba yake kipande cha ndafu, rangi zote zipo.

Chenga ndizo zilizonisumbua zaidi. Kumbi zetu zina mwanga hafifu, na ukipandisha ISO hadi 3200 weusi wa suti unajaa vipunje vya rangi. Nilipata plagini mpya ya kuondoa chenga, nikaitia kwenye folda ya Plug-Ins, nikawasha programu. Kwenye menyu ya Filter haipo. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote. Siku mbili nzima nilikuwa nikisakinisha na kufuta. Kumbe CS3 ya Windows ni ya biti 32, na programu ya biti 32 haipakii plagini ya biti 64 hata uiweke wapi. Ndani ya kifurushi kilekile mlikuwa na faili ya pili, ya biti 32, yenye jina karibu sawa. Nilipoihamisha hiyo, ikajitokeza chini kabisa ya menyu, lakini imefifia, haibofyeki. Picha ilikuwa ya biti 16 kwa kila rangi, plagini inataka 8. Nikabadilisha, ikakubali.

Na ilipokubali ndipo nikaiona kazi yenyewe. Picha ya kwanza kuipitisha ilikuwa ya bibi yake bi harusi, ameketi mbele ya ukuta wa ukumbi, mkono juu ya mkongojo. Plagini ilisafisha ukuta vizuri sana. Halafu ikamsafisha na bibi. Mikunjo ya pembeni mwa macho ilitoweka, kovu dogo la juu ya nyusi likayeyuka, shavu likawa kama plastiki. Kwa plagini ile, chenga na ngozi ya mtu wa miaka 80 ni kitu kimoja, yote madoadoa. Niliumia kweli. Nikarudi nyuma, nikanakili leya, nikaipitisha plagini kwenye nakala, nikatia maski, nikachukua brashi nyeusi ya asilimia 30 na kuanza kumrudisha bibi taratibu: kwanza macho, kisha kovu, kisha mishipa ya mkono. Saa nzima kwa uso mmoja. Tangu siku ile sikupitisha plagini yoyote juu ya picha halisi, wala sikumruhusu kijana yeyote niliyemfundisha afanye hivyo.

Bibi alipofariki, mjukuu wake alikuja kuomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilifungua faili ile, leya zote zipo. Akasogea kwenye kioo, akaweka kidole juu ya nyusi.

"Hili alilipata shambani, kwenye kahawa," akasema. "Usiliguse, kaka."

Nikamwonyesha maski, nukta nyeusi palepale penye kovu. Aliitazama muda mrefu. Tulichapisha inchi 16 kwa 20, akaondoka nayo ameikumbatia kifuani, uso wa bibi umegeukia ndani.