Vitabu vya Manila

Mwaka 2013 mkuu wa shule yetu ya Voi alinipa ufunguo wa maktaba pamoja na daftari la hesabu ya vitabu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiswahili. Maktaba niliongezewa juu yake, kama ilivyo desturi katika shule nyingi za Kenya zisizo na mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Chumba kilikuwa mwisho wa jengo la madarasa, dirisha likitazama mlima Sagalla. Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limetanda kila mahali, na rafu ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na nusu ya seti ya ensaiklopidia.

Tulianza na mchwa. Fundi alitutengenezea rafu mpya, nasi miguu yake tukaitumbukiza katika makopo yenye oili chafu tuliyoomba kwenye gereji za barabara kuu ya Mombasa. Hilo lilifaulu. Wasomaji ndio waliokuwa kazi ngumu zaidi. Waliokuja walitafuta miongozo ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyokuwa ikitahiniwa miaka hiyo. Riwaya yenyewe waliiacha palepale. Walitaka muhtasari, wahusika, maudhui, maswali na majibu yake. Siwalaumu hata leo, maana tangu darasa la kwanza walikuwa wameonyeshwa kitabu kwa mkono mmoja na mtihani kwa mkono wa pili.

Simba ndio waliotufungulia njia. Katika rafu za juu palikuwa na nakala kuukuu ya kitabu cha J. H. Patterson kuhusu simba wala watu wa Tsavo, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1907. Hakuna mtoto wa Voi asiyeijua habari hiyo kwa kuisikia: mwaka 1898, reli ilipofika mto Tsavo, madume wawili wasio na singa waliwatoa wajenzi hemani usiku, mmoja baada ya mwingine, hata kazi ya daraja ikasimama. Kuisikia walikuwa wameisikia. Kwamba imeandikwa, na kwamba kitabu kimo shuleni mwao, hawakuwa na habari. Basi jioni, kabla ya masomo ya usiku, nikawa nawasomea ukurasa na kuueleza kwa Kiswahili. Wakaanza kujaa.

Tukafika mahali ambapo Patterson anahesabu waliouawa. Anataja Wahindi 28, kisha anasema palikuwa na Waafrika wengi ambao serikali haikuweka kumbukumbu yao. Kijana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono: “Mwalimu, hao wengine walikuwa wa nani?” Darasa zima likageuka kunitazama. Walikuwa wa nani kweli? Daraja lile liko kando ya barabara tunayopita kwenda Mtito Andei na Nairobi. Huenda waliokufa pale walikuwa na ndugu Taita, Ukambani au pwani, na hakuna aliyeandika hata jina.

Nikawapa kazi. Kila mmoja achague mjenzi mmoja wa reli ambaye kitabu hakikumtaja, amwandikie siku saba za maisha yake. Sharti lilikuwa moja: asibuni kitu anachoweza kukitafuta. Mjenzi alikula nini? Kama alitoka Punjab, alipanda meli gani, akashukia bandari ipi? Hema lilikuwa la kitambaa gani? Hapo ndipo niliona kwa mara ya kwanza mwanafunzi akifungua kitabu cha historia bila kuambiwa, akakifunga kwa hasira kwa kuwa hakikumjibu, akafungua kingine. Waligombania atlasi. Waligundua kwamba hata hesabu za waliouawa na simba hazilingani: baadaye Patterson alikuja kudai watu 135, ilhali watafiti waliochunguza nywele na mifupa ya simba wale, ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago tangu 1924, walikadiria mwaka 2009 kuwa walioliwa ni kama 35. Wanafunzi walibishana juu ya hilo mpaka kengele ya kulala. Kumbe kitabu kinaweza kubishiwa! Mtoto anayekibishia kitabu atakirudia kesho ili apate hoja nyingine, na mimi sijui njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo ya kumfanya msomaji.

Kazi zao tulizitengeneza kuwa vitabu vya karatasi za manila, tukavishona kwa shazia na uzi wa mkonge, ambao huku kwetu haukosekani kwa sababu ya mashamba ya Voi na Mwatate. Kisha nikafanya jambo ambalo naliona lilikuwa kubwa kuliko mengine yote: nikavigonga muhuri wa shule, nikavipa namba na kadi ya kuazimia, nikavipanga rafu moja na Patterson. Mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba naharibu muda wa marudio. Lakini kadi za vile vitabu vya manila zilijaa upesi kuliko za kitabu chochote kilichochapishwa, na mwanafunzi aliyeazima cha rafiki yake alirudi kuniuliza huyo rafiki aliyapata wapi hayo ya meli. Ndipo nilipomwonyesha rafu.

Baada ya hapo ilikuwa Siku Njema, riwaya nyingine ya Walibora, ya mwaka 1996. Haikuwa ya mtihani kwetu. Tulichora ramani ya Afrika Mashariki ukutani, tukavuta uzi kufuata safari ya Kongowea, mhusika wake mkuu, kutoka Tanga hadi Kitale. Ubishi ukazuka kama kijana huyo alipita Voi, kwa kuwa anayetoka Mombasa kwenda bara hana budi kupita hapa. Wengine wakasisitiza kwamba hata ile njia ya Taveta inamleta kwetu. Ili kuamua, ilibidi wasome riwaya, na kuisoma kwa makini, wakiandika jina la kila mji kando. Mwezi Aprili 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Walibora alifariki Nairobi. Simu yangu ilijaa ujumbe wa wanafunzi, wengine waliomaliza shule miaka mitatu nyuma. Sikumbuki mwandishi mwingine wa vitabu ambaye vijana wa Voi walimlilia hivyo.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ilitoka Kasigau. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza kama kitabu cha manila kinaweza kuwa cha mambo ya kweli. Nikamwambia aende kwa babu yake na daftari. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliuteka mlima Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa waliwasaidia. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, pwani ya mbali yenye maradhi ambayo watu wa mlimani hawakuyazoea, na wengi walifia huko. Babu alikuwa ameyapokea hayo kwa wazazi wake. Msichana aliyaandika kwa Kiswahili, na maneno ya mzee akayaacha kwa Kitaita pale ambapo Kiswahili kilimshinda. Kitabu kile kilizunguka mabweni muhula mzima. Wazazi waliokuja siku ya kutembelewa walikiomba. Mama mmoja alikisoma chote akiwa amekaa chini ya mgunga, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuongeza ukurasa wa habari za ukoo wake. Tulimpa kalamu.

Miaka ya karibuni serikali imetuletea vitabu vya kiada, kila mwanafunzi na chake, na hilo ni jema. Maboksi yake ndiyo yaliyojaza meza zetu za kusomea kwa muda. Vya hadithi ni vichache bado, na fedha za kuvinunua huja mwisho, baada ya kemikali za maabara na mafuta ya basi. Nazidi kulisema hilo kwenye kila mkutano.

Oktoba 2024 ulitoka utafiti mpya: nywele zilizokwama kwenye meno ya simba wale zilichunguzwa vinasaba, zikapatikana za binadamu, twiga, pundamilia, nyumbu na wengine. Nilibandika habari hiyo mlangoni asubuhi. Kufikia chakula cha mchana kitabu cha Patterson kilikuwa kimeazimwa, na vitabu vitatu vya manila vya kundi lile la kwanza vilikuwa nje pia. Walioviazima hawajawahi kuonana na walioviandika. Sasa wanafunzi wanataka kuandika habari za reli ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na wamekwishagawana wazee wa kuwauliza huko Maktau na Mwatate. Manila ninayo. Uzi utanunuliwa Jumamosi sokoni.